Mtu wa Milimani na Uchaguzi wa Chombo

Mto Ruvu huzaliwa katika milima ya Uluguru, hupita mabondeni, na humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Maji ya mlima hufika baharini bila ya kuulizwa; binadamu wa mlimani hafiki kwa wepesi huo. Yeye hutoka katika nchi ambayo vilele vyake vya juu hupita mita 2,600, nchi ya mashamba ya miteremkoni na mapito membamba, ambamo ardhi huinama lakini haitikisiki. Akishuka mpaka pwani na kutia mguu chomboni, hujikuta amesimama juu ya sakafu isiyotulia, na pengine mwili wake hukataa safari kabla akili yake haijaamua neno. Ndipo huzuka swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni dogo: ni chombo gani kimfaacho msafiri aliye mwepesi wa kulevywa na bahari? Historia ya njia iliyounganisha Morogoro na Unguja yaonyesha kwamba swali hilo limebeba jingine kubwa zaidi ndani yake, nalo ni hili: ni nani aliyekuwa na ruhusa ya kuchagua?

Kwanza yafaa kumwondolea lawama mgonjwa. Kulevywa na bahari si dalili ya woga, wala si aibu ya watu wa bara peke yao. Nelson, amiri mashuhuri wa Uingereza, alisumbuliwa na maradhi hayo maisha yake yote ya ubaharia. Darwin aliteseka nayo katika safari yake ya kuzunguka dunia kati ya mwaka 1831 na 1836. Asili yake ni ugomvi wa mashahidi wawili. Ndani ya sikio mna mifereji midogo yenye majimaji, ambayo huupasha ubongo habari za mwendo. Abiria akiwa ndani ya chumba, jicho hushuhudia kwamba kuta zimetulia, na sikio hushuhudia kwamba kila kitu chapanda na kushuka. Ubongo ukishindwa kuamua, tumbo ndilo hulipa faini. Mwendo uudhio kuliko wote si ule wa haraka sana, bali ule wa kupanda na kushuka polepole, kiasi cha mara moja kwa kila sekunde tano au sita. Na huo ndio mwendo wa vyombo vingi katika mawimbi ya wastani. Mtu ambaye hutapika garini katika kona za barabara ya kupanda Mgeta ana sababu ya kujihadhari baharini, kwa kuwa kinachoteta ni sikio lile lile.

Watu wa pwani hawakuwa na elimu ya mifereji ya sikio, lakini walikuwa na elimu ya bahari. Walijua kwamba chombo hakichaguliwi peke yake. Huchaguliwa pamoja na majira yake. Kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi, na kusi hushika zamu baadaye mpaka karibu na Septemba, kwa nguvu zaidi. Kati ya pepo hizo mbili huwa na siku za maleleji, bahari ikawa kama ziwa. Walijua vilevile kwamba umande, upepo utokao bara usiku na alfajiri, humtoa msafiri bandarini kwa upole kuliko upepo wa mchana. Walijua kwamba jahazi lenye shehena ya kadiri hutulia, na kwamba lililo tupu lisilo na farumi ya kutosha huchezewa na kila wimbi. Katika lugha yao chombo kinachoyumba husemwa kwamba kinakwenda mrama. Neno hilo limepanda bara pamoja na lugha, na leo husemwa juu ya mipango iliyoharibika hata na watu ambao hawajapata kuiona bahari.

Walijua pia mahali pa kukaa. Omoni chombo hupigwa na wimbi na kurushwa juu. Ngamani, yanakokusanyika maji machafu ya chini, harufu peke yake yatosha kumwangusha mtu mzima. Katikati, penye hewa, macho yakitazama mstari wa mbali ambapo mbingu na maji hukutana, ndipo penye nafuu. Lakini methali ya mabaharia ilionya: tezi na omo, marejeo ni ngamani. Asiye na cheo wala fedha, hata akianza safari kwa kujichagulia pahali, mwisho husukumwa chini.

Tofauti hiyo ya vyeo yaonekana wazi mwaka 1857. Januari ya mwaka huo Richard Burton na John Speke walitoka Unguja kwa chombo kidogo cha Kiarabu, wakazuru Mombasa na Pangani. Juni ya mwaka ule ule, walipoanza safari yao ya maziwa makuu, walivushwa na Artémise, manowari ya Sayyid Majid, mpaka pwani ya Kaole. Kutoka hapo wakafuata njia ya misafara hata Zungomero, kituo kikubwa kilichokuwa chini ya milima ya Uluguru upande wa kusini. Wageni hao waliweza, katika muda wa miezi sita, kulinganisha chombo kidogo na kikubwa. Vyote viwili vilikuwa vyombo vya wenyeji wa bahari hii. Lakini cha pili kilipatikana kwa fadhila ya mtawala, na fadhila hiyo haikumfikia kila msafiri.

Njia ile ile ya Zungomero na Ukutu ilikuwa ikipitisha watu upande wa pili, kutoka bara kwenda pwani. Baadhi yao walikuwa wapagazi waliobeba pembe kwa ujira, ambao waliishia Bagamoyo au Kaole wakarudi. Wengine walikuwa mateka. Hao waliiona bahari kwa mara ya kwanza na kuvushwa siku ile ile au iliyofuata, wakiwa wamepangwa na kubanwa sitahani na chini yake, pasipo nafasi ya kujinyoosha, pasipo maji ya kutosha, pasipo mstari wa mbali wa kuutazama. Yote ambayo elimu ya pwani ilisema yanazidisha ugonjwa ndiyo waliyofanyiwa. Tarehe 5 Juni, 1873, Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Mkataba huo haukukomesha utumwa wenyewe, wala magendo hayakwisha mara moja. Lakini tangu siku hiyo kumpakia mtu chomboni kama mzigo, ili akauzwe, kulikuwa kosa. Katika historia ya uchaguzi wa chombo hiyo ndiyo hatua ya kwanza. Kabla ya mtu kuuliza chombo kipi, hana budi awe na uwezo wa kusema hapana.

Wakati huo huo vyombo vyenyewe vilikuwa vikibadilika. Tangu mwaka 1872 meli za kampuni ya British India zilianza kuleta barua Unguja kila mwezi, na mwaka 1890 ukaanza usafiri wa meli za Kijerumani za Afrika ya Mashariki. Neno meli lenyewe limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya barua za posta, ushahidi kwamba vyombo hivyo vilikuja kwa ajili ya karatasi kwanza, na abiria baadaye. Mwaka 1907 reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro. Safari iliyokuwa ya siku nyingi za miguu ikawa ya saa chache, na mtu wa Matombo au Kinole akaweza kufika bandarini akiwa hana uchovu wa njia.

Meli ya moshi haikungoja upepo, na ukubwa wake ulipunguza mrama. Hata hivyo tumbo la meli liligawanywa kwa bei. Vyumba vya katikati, ambako mwendo ni mdogo, vilikuwa vya daraja ya kwanza. Abiria wa sitahani walikaa palipobaki, kwenye jua, mvua na moshi. Uchaguzi ulikuwapo sasa, ila ulikuwa wa mwenye fedha.

Na fedha nazo zina mipaka yake. Mwingereza Henry Bessemer, aliyetajirika kwa kuvumbua njia ya kutengeneza chuma cha pua, alikuwa mgonjwa mkubwa wa bahari. Alijengesha meli yenye ukumbi ulioning'inizwa, ili meli ikiyumba ukumbi utulie. Mwaka 1875 meli hiyo ilivuka kutoka Uingereza kwenda Ufaransa, ikaligonga gati la Calais kwa kuwa haikutii usukani, na shauri lote likaanguka. Mashine ya kumtuliza abiria ilikuwa imemsahau nahodha. Dawa iliyofanikiwa ilikuja baadaye, nayo ilikuwa nyenyekevu zaidi: mapezi mawili ubavuni chini ya maji, yanayojigeuza kupinga mrama. Meli Chusan, iliyoanza kazi mwaka 1950, ilikuwa miongoni mwa meli kubwa za abiria za kwanza kufungiwa mapezi hayo, na leo meli kubwa za matembezi, zile zinazoteremsha watalii Unguja, huwa nayo kwa kawaida.

Kati ya nyakati hizo mbili vilitokea vita vya pili vya dunia, na kwa mara nyingine maelfu ya watu wa bara wakapakiwa melini pasipo kuulizwa. Askari wa Afrika ya Mashariki, Watanganyika wakiwamo, walisafirishwa kwenda Ceylon na hatimaye Burma. Wengi wao walikuwa hawajapata kupanda hata mashua. Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Kilindini ikiwa na kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika ya Mashariki pamoja na askari wengine na wauguzi. Tarehe 12 mwezi huo, karibu na visiwa vya Maldive, manowari ya Kijapani iendayo chini ya maji iliipiga, ikazama katika dakika chache. Watu 1,297 walikufa. Mbele ya msiba wa namna hiyo habari ya kichefuchefu ni ndogo sana. Lakini yatukumbusha kwamba chombo kikubwa na kizito, ambacho msafiri dhaifu angekitamani kwa utulivu wake, si lazima kiwe chombo cha salama.

Fundisho hilo limerudi katika zama zetu. Tangu Juni 2024 treni ya umeme humfikisha mtu wa Morogoro Dar es Salaam kwa muda usiofika saa mbili, na boti ziendazo kasi, zenye matumbo mawili yaliyounganishwa juu, humvusha mpaka Unguja kwa muda kama huo. Mtu aweza kunywa chai chini ya Uluguru na kulala Mji Mkongwe. Boti ya matumbo mawili haiinami sana upande, kwa sababu ya upana wake. Lakini mitikiso yake ni ya ghafula, na wakati wa kusi, wimbi likiijia kwa nyuma na ubavuni katika safari ya kwenda, hujipinda kwa namna inayowashinda wengi. Fadhila yake kubwa ni kwamba taabu ni fupi. Feri kubwa iendayo polepole hutikisa kwa upole zaidi, ila hutikisa kwa muda mrefu.

Si kila kilichofaa kwingine chafaa hapa. Boti iliyoitwa Skagit ilijengwa Marekani mwaka 1989, ikavusha abiria katika maji yaliyokingwa ya Jimbo la Washington. Mwaka 2011 ililetwa kufanya kazi kati ya Dar es Salaam na Unguja. Tarehe 18 Julai, 2012, katika kilele cha kusi, ilipinduka karibu na Chumbe, na watu wengi wakapotea. Mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 10 Septemba, 2011, Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Tume ya uchunguzi iliona kwamba ilibeba zaidi ya watu 2,000, hali uwezo wake haukufikia nusu ya hesabu hiyo. Abiria wa vyombo hivyo walikuwa watu huru wenye tiketi mkononi. Walichokosa si ruhusa ya kuchagua bali habari za kuchagulia: chombo kilijengwa kwa bahari gani, chaweza kubeba wangapi, na leo kimebeba wangapi.

Basi msafiri wa mlimani anayeogopa kulevywa na bahari ana mengi ya kujisaidia nayo. Ashike majira ya maleleji au kaskazi tulivu, asafiri asubuhi mapema, akae katikati na chini, atazame mbali, asiende na tumbo tupu wala lililojaa, na tangawizi au dawa ya dukani aitangulize kabla ya kamba kufunguliwa. Lakini hayo ni maswali ya pili. La kwanza ni la usalama, nalo halijibiwi na msafiri peke yake. Hujibiwa na mkaguzi wa bandari, mwenye chombo na serikali. Mateka wa Ukutu hakuulizwa neno. Askari wa mwaka 1944 aliamriwa. Abiria wa leo huulizwa daraja gani aitakayo na siku gani aiendayo, na hiyo ni neema ambayo wazee wake hawakuijua. Neema hiyo haitakuwa kamili mpaka siku atakapoweza kuuliza yeye, dirishani pa tiketi, idadi ya watu na umri wa chombo, akajibiwa kweli.