Mfuko wa Mkulima na Rutuba ya Kibanja: Historia Fupi

Chama kitimizapo miaka kumi ni desturi kuhesabu magunia yaliyopokewa, maghala yaliyojengwa na viongozi waliopokezana viti. Hesabu hizo zimewekwa mahali pake katika kitabu hiki. Makala haya yahusu hesabu nyingine isiyoandikwa sana, nayo ni ya mkulima mwenyewe nyumbani kwake: fedha ya kahawa iliingiaje mfukoni mwake, ilitokaje, na katika kuingia na kutoka huko kibanja chake kilipata nini au kilipoteza nini. Maana katika nchi yetu ya Kagera mfuko na udongo ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja akiugua, mwingine hauchelewi kulala kitandani.

Akiba ya wazee wetu

Kabla ya fedha za sarafu kuenea, tajiri alijulikana kwa ng'ombe na kwa migomba yake. Simbi zilitumika katika biashara, lakini akiba ya kweli ilikuwa udongo. Kibanja kilipangwa kwa akili nyingi. Juu walisimama miti ya kivuli, chini yao migomba, kati ya migomba mibuni, na ardhini maharage, viazi vikuu na maboga. Nyasi zilikatwa rweya, zikatandikwa sakafuni mwa nyumba ya msonge, na zilipochakaa zikatupwa migombani. Samadi ya ng'ombe ilifuata njia hiyo hiyo. Hivyo kila siku kitu kidogo kilitoka rweya kikaingia kibanjani, kama mtu atiaye senti katika kibuyu asikivunje. Mahali ambapo leo twaona udongo mweusi wenye kina, tujue kwamba haukuumbwa hivyo. Uliwekwa akiba na watu waliokwisha kufa.

Kahawa nayo ilikuwako. Buni za robusta zilichemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa na kutafunwa. Mgeni alikaribishwa kwazo, na wachanjiana damu walizitumia katika kiapo chao. Haikuwa mali ya kila mtu, kwa kuwa watawala waliisimamia kwa ukali. Vivyo hivyo ardhi nyingi ilikuwa chini ya utaratibu wa nyarubanja, ambao mpangaji alimtumikia na kumlipa mwenye ardhi. Utaratibu huo uliondolewa kwa sheria baada ya Uhuru, sheria ya kwanza ikiwa ya mwaka 1965.

Mambo mawili yalikuja kuibomoa akiba hiyo ya kale. La kwanza ni sotoka, maradhi ya ng'ombe yaliyopita Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kuangamiza makundi makubwa. Ng'ombe walipopungua, samadi ilipungua. La pili ni kodi. Mwaka 1898 Wadachi walianzisha kodi ya kibanda, nayo ilikusudiwa kulipwa kwa fedha. Tangu hapo kila mwenye nyumba alilazimika kuwa na kitu cha kuuza, na katika nchi yetu kitu hicho kikawa kahawa.

Fedha ijayo mara moja

Ndizi hukatwa mwaka mzima, lakini kahawa hulipa kwa msimu. Shida za nyumba hazifuati msimu wa kahawa. Ada ya shule hutakiwa Januari, ugonjwa hubisha hodi usiku wowote, na msiba hauna kalenda. Kati ya shida na mavuno pana miezi mitupu, na katika miezi hiyo ndimo mkopeshaji alimojenga duka lake.

Mkulima alichukua nguo na mafuta ya taa kwa mkopo, akaahidi kahawa, na mavuno yalipofika kahawa ilikuwa imekwisha kuwa ya mwingine. Bei ilipoporomoka duniani baada ya mwaka 1929, deni lilibaki palepale huku thamani ya gunia ikishuka. Katika miaka ya 1930 marehemu Klemens Kiiza, ambaye mwaka 1924 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Bukoba Bahaya Union, aliongoza wakulima wenzake kujaribu kuuza kahawa wenyewe bila kupitia kwa wachuuzi. Mwaka 1937 watu wa Bukoba walipinga kanuni za utunzaji wa mibuni zilizowekwa na serikali ya kikoloni, hata ghasia zikatokea. Tusiwahukumu haraka. Mtu huitunza kwa moyo shamba ambalo faida yake anaiona. Shamba ambalo faida yake huenda kwa mwingine hulitunza kwa fimbo.

Walioanza kabla yetu

Maradhi hayo ya deni hayakuwa ya Bukoba peke yake. Tarehe 21 Desemba 1844, katika mji wa Rochdale huko Uingereza, watu 28, wengi wao mafundi na wafanyakazi, walifungua duka dogo kwa mtaji wa pauni 28. Waliuza siagi, sukari, unga na mishumaa. Kanuni yao moja ilikuwa ngumu kuliko zote, nayo ni kuuza kwa fedha taslimu. Walikuwa wameona jinsi duka la mkopo linavyomfunga maskini kamba asiyoiona. Faida waligawana kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja.

Huko Ujerumani, Bwana Friedrich Wilhelm Raiffeisen, aliyekuwa meya katika nchi ya wakulima, aliona njaa ya mwaka 1846 na 1847 ikiwatupa watu mikononi mwa wakopeshaji. Kwanza alikusanya sadaka ya matajiri. Baadaye aling'amua kwamba sadaka haidumu, na mwaka 1864 huko Heddesdorf akaunda chama cha mikopo cha wakulima wenyewe. Wanachama walikuwa wa eneo dogo, waliojuana tabia, nao walidhaminiana. Msingi wake ulikuwa huu: jirani yako anajua kama wewe ni mtu wa kulipa, tena anajua hali ya shamba lako. Benki ya mjini haiwezi kuyajua hayo.

Elimu hiyo ilifika Tanganyika kwa sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 1932. Wenzetu wa Kilimanjaro, waliokuwa na chama chao cha wakulima wa kahawa tangu 1925, waliandikisha KNCU mwaka 1933. Bukoba ilipata chama chake kikuu, BNCU, mwaka 1950.

Miaka ya neema na mafunzo yake

Chama hicho kilizaliwa wakati mwema. Bei ya kahawa ilipanda mno katika miaka ya mwanzo ya 1950, hata ikafikia kilele mwaka 1954, kwa kuwa baridi kali ilikuwa imeharibu mibuni ya Brazil mwaka uliotangulia. Nyumba za bati zilisimama, baiskeli zikajaa barabarani, watoto wakapelekwa shule. Watoto waliosomeshwa kwa kahawa ya miaka hiyo walitumika baadaye katika ofisi na hospitali nyingi za nchi hii.

Walakini neema nayo ina mtihani wake. Bei ilipoanza kushuka katika nusu ya pili ya miaka hiyo, ilionekana nani alikuwa ametumia na nani alikuwa ameweka. Aliyenunua ng'ombe alikuwa na maziwa, samadi na mtaji. Aliyemaliza yote katika pombe na sherehe alibaki na masimulizi. Somo hili limerudiwa mara nyingi, na kila mara baadhi yetu tumelisikia kana kwamba ni jipya. Baridi ya Brazil ya Julai 1975 ilipandisha tena bei duniani. Mapatano ya mataifa yaliyogawa mafungu ya kahawa yaliposimama Julai 1989, bei ikaanguka. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikafika chini kabisa. Mkulima hawezi kuizuia baridi ya Brazil. Awezalo ni kuukuta mwaka mbaya akiwa na kitu nyuma yake.

Ushirika wenyewe ulipata mitihani. Mwaka 1966 tume iliyoteuliwa na Rais ilichunguza vyama na kukuta upungufu wa elimu kwa wanachama, upendeleo katika ajira na udanganyifu wa baadhi ya watumishi. Mwaka 1976 vyama vikuu vilifutwa na kazi yake ikapewa mamlaka za mazao. Kisha vita vya 1978 na 1979 vilipita juu ya ardhi ya Kagera, vikaacha watu bila nyumba na bila mifugo. Sheria ya 1982 ilirudisha vyama, na tangu msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi waliruhusiwa tena kununua kahawa. Katika misukosuko hiyo yote, nyumba iliyosimama ni ile ambayo kibanja chake kilikuwa bado kinatoa ndizi.

Butura

Hapo sasa tufike kwenye jeraha lenyewe. Jina lake kila msomaji analijua: butura, yaani kuuza kahawa ikali mtini, pengine ikiwa ua. Serikali imeikataza mara kwa mara, na mwaka 1950 au leo sababu yake ni ile ile ya miezi mitupu.

Tuifanyie hesabu kwa mfano. Tuseme gunia la kahawa ya maganda litapata shilingi 200,000 chamani mwezi Juni. Mwenye shida auza gunia hilo mwezi Februari kwa shilingi 80,000. Yeye husema, "Nimeuza." Kwa kweli amekopa. Amepokea shilingi 80,000 na baada ya miezi minne amelipa 200,000. Ada ya mkopo huo ni shilingi 120,000, yaani shilingi 150 juu ya kila shilingi 100. Lau angekopa kiasi hicho hicho katika chama cha akiba na mikopo kitozacho, tuseme, asilimia 2 kwa mwezi, angelipa riba ya shilingi 6,400. Tofauti ni shilingi 113,600 kwa gunia moja. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Butura ni harusi fupi kuliko zote.

Hasara haiishii hapo. Mibuni iliyokwisha kuuzwa haina mwenyewe. Aliyeiuza haoni sababu ya kuipogoa wala kuitandazia nyasi, na aliyeinunua anataka buni za msimu mmoja tu. Buni huchumwa mbichi ili deni lilipwe upesi, ubora hushuka, na bei ya kijiji kizima huathirika. Ng'ombe huuzwa kufidia, samadi hukatika, migomba hudhoofu. Mwaka wa pili shida ni kubwa zaidi, na butura yaja mapema zaidi. Kwa njia hii deni la fedha hugeuka kuwa deni la udongo.

Maradhi ya mimea nayo hayamsubiri mdaiwa. Mnyauko wa kahawa ulianza kuua mibuni yetu ya robusta katika miaka ya 1990, na mnyauko wa migomba ukaingia mkoani katikati ya miaka ya 2000. Dawa ya yote mawili yataka nafasi: kung'oa mimea iliyougua, kusafisha panga na kisu, kupanda miche ya mibuni inayostahimili kutoka kwa watafiti wa Maruku, na kungoja miaka mpaka izae. Mtu ambaye amekwisha kuuza maua yake hawezi kungoja.

Akiba ya leo

Mnamo 1991 wanawake wa Maradi, katika nchi ya Niger, walisaidiwa kuunda vikundi vya kuweka na kukopeshana fedha zao wenyewe bila mtaji wa nje. Mfano huo ulienea Afrika, na kwetu umezaa VICOBA. Ni jambo la kutazamwa kwamba walioutangulia ni wanawake. Katika nyumba nyingi za kwetu kahawa ilihesabiwa kuwa mali ya baba, ilhali maharage na mahitaji ya kila siku yalikuwa mzigo wa mama. Hukumu ya Mahakama Kuu iliyotolewa Mwanza mwaka 1990 ilitamka kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi sawa na mwanamume. Basi na daftari la akiba la nyumba lisomwe na wote wawili.

Kwa historia hii yote, utaratibu ufaao si mgumu kueleza. Fedha ya kahawa ifikapo igawanywe kabla haijazoea mfuko: fungu la ada na matibabu liwekwe chamani likingoja Januari, fungu la kibanja litumike kwa ng'ombe, mbuzi, miche na ujira wa kukata nyasi, lililobaki liwe la matumizi. Maharage, asali, mayai na ndizi za ziada zijaze ile miezi mitupu. Na mwenye shida ya ghafla aje chamani kwanza, kabla hajapita njia ya nyuma.

Dunia nayo yaelekea huko. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023, ingawa utekelezaji wake umesogezwa mbele, yataka kahawa iingiayo huko isitoke katika ardhi iliyofyekwa msitu baada ya 31 Desemba 2020. Mwenye kibanja cha kale chenye miti yake ana neno la kujibu.

Ndugu mwanachama, chama chaweza kupima kahawa yako kwa haki na kukulipa kwa wakati, na viongozi wasiofanya hivyo wastahili kuulizwa katika mkutano mkuu. Lakini chama hakiwezi kukulipa kwa gunia ulilokwisha kuliuza Februari. Wazee walituachia udongo mweusi, hawakutuachia deni. Katika miaka kumi ijayo tuone haya kuwarithisha wanetu kinyume chake. Akiba haiozi.