Gesijoto za kilimo nchini Kenya: sera za taifa na fedha za kaunti

Kilimo ndicho chanzo kikubwa kuliko vyote cha gesijoto nchini Kenya, na sehemu kubwa ya gesi hizo hutoka kwa mifugo. Ng'ombe, mbuzi na kondoo hutoa methani wanapocheua. Samadi na mbolea za nitrojeni hutoa oksidi ya nitrasi, ambayo kwa kipimo cha miaka 100 huongeza joto mara 273 kuliko uzito uleule wa hewa ukaa. Mwaka 2020 serikali iliahidi kupunguza gesijoto zote za nchi kwa asilimia 32 ifikapo 2030, ikilinganishwa na tani milioni 143 zilizokadiriwa kutolewa mwaka huo wa 2030 endapo hakuna hatua yoyote itakayochukuliwa. Aliyeahidi ni taifa, lakini shughuli za shambani ziko mikononi mwa kaunti.

Hali hiyo inatokana na Katiba ya 2010. Jedwali la Nne linaiachia serikali kuu sera ya kilimo, na kuzipa kaunti 47 kazi ya kilimo cha mimea na ufugaji, ambayo ndani yake mna huduma za ugani. Kwa pamoja kaunti hutengewa angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Mgao huo huchelewa mara kwa mara, na ukifika mishahara ndiyo hutangulia. Mafuta ya pikipiki ya afisa ugani husubiri.

Mpasuko huu kati ya taifa na kaunti unaonekana wazi zaidi kwenye mbolea. Mwaka 2022 serikali ya Rais William Ruto ilishusha bei ya mfuko wa kilo 50 hadi shilingi 3,500, na mwaka uliofuata hadi 2,500, ikiuza kupitia maghala ya Halmashauri ya Nafaka na Mazao (NCPB) na vituo vingine. Ruzuku hiyo haistahili lawama kwa kuwapo kwake tu. Mkulima wa Kenya hutumia mbolea kidogo sana akilinganishwa na mwenzake wa China au Ulaya, na ekari ileile ikizaa magunia zaidi, haja ya kufyeka msitu hupungua. Lakini sehemu kubwa ya udongo wa magharibi mwa nchi ina asidi, na mbolea kama DAP huizidisha. Pasipo chokaa wala kipimo cha udongo, mahindi hushindwa kunyonya nitrojeni yote, na inayobaki husombwa na maji au hupaa hewani. Hazina ya taifa hulipia mfuko, ilhali mtu wa kumwelekeza mkulima namna ya kuutumia yuko kwenye bajeti ya kaunti. Kupunguza bei bila kumgharamia mtu huyo ni kununua nusu ya dawa.

Kwa maziwa mambo yanafanana. Ng'ombe anayetoa lita mbili kwa siku hucheua kama wengine, hivyo kila lita yake hubeba methani nyingi. Malisho bora, chanjo na uhimilishaji hupunguza kiwango hicho cha kila lita, ingawa jumla inaweza kupanda idadi ya ng'ombe ikiongezeka.

Baadhi ya kaunti zilianzisha mifuko yao ya tabianchi. Makueni ilipitisha kanuni mwaka 2015 na kutenga asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo. Wajir ikafuata kwa asilimia 2. Wananchi walipoulizwa wanataka nini, wengi walichagua maji: mabwawa ya mchanga, visima, matangi. Ni chaguo la busara katika nchi kame, ila husaidia kuhimili ukame zaidi kuliko kupunguza gesi.

Njia nyingine ni biashara ya kaboni. Huko Bungoma, Kisumu na Siaya, mradi wa shirika la Vi Agroforestry uliwafunza wakulima kutumia mboji, matandazo na miti shambani, na mwaka 2014 ukapata hati za kwanza za kaboni ya udongo. Faida waliyoihisi wakulima ilikuwa mavuno. Malipo ya kaboni yaligawanywa kwa watu wengi mno. Marekebisho ya 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yanataka miradi ya ardhi iwape jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka baada ya gharama, na kaunti zisimamie mazungumzo ya mikataba. Masharti hayo ya mkataba yanahusu ardhi ya umma na ya jamii. Mwenye ekari mbili zenye hatimiliki hujadiliana na mnunuzi peke yake.