Kuuguza Nakuru Tangu Enzi za Kipande

Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitunga sheria ya maskwota: Mwafrika aliyeishi kwenye shamba la mlowezi alitakiwa kumfanyia mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Muda mfupi baadaye kipande, yaani cheti cha usajili wa kazi, kikaanza kuning'inia shingoni mwa wanaume. Humo mwajiri aliandika siku ya kuajiriwa na siku ya kuachiwa, akatia sahihi. Aliyeondoka kabla ya sahihi hiyo alihesabiwa mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Njoro, Molo, Subukia na Solai zilijaa mashamba ya namna hiyo.

Sheria hizo zilihusu kazi, si hospitali. Hata hivyo ziliamua ni mume gani angeweza kukaa kando ya kitanda cha mkewe, na kwa siku ngapi.

Mjini Nakuru matibabu nayo yalifuata rangi. Hospitali ya War Memorial, iliyopewa jina kwa kumbukumbu ya Vita Kuu ya Kwanza, ilihudumia Wazungu. Mwafrika alitibiwa katika hospitali ya serikali, ile ambayo baadaye ikawa Hospitali Kuu ya Mkoa wa Bonde la Ufa. Jina lake rasmi limebadilika zaidi ya mara moja, lakini wenyeji wengi bado wanaiita PGH. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, Wakikuyu kwa maelfu walifukuzwa Bonde la Ufa, na waliobaki hawakuweza kusafiri bila kibali. Kwenda tu kumjulia hali mgonjwa kukawa jambo la kuombea karatasi.

Wakati huo huo, kazi yenyewe ya kumuuguza aliyepasuliwa tumbo ilikuwa inabadilika. Kwa miaka mingi mgonjwa wa namna hiyo alilazwa wiki mbili au zaidi bila kuinuka, kwa hofu kwamba mshono ungefumuka. Daktari Emil Ries wa Chicago aliandika mwaka 1899 kwamba wanaoinuka mapema hupona vizuri zaidi, lakini wachache walimsikiliza. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyowasukuma madaktari: vitanda na wauguzi walikuwa haba, wagonjwa wakainuliwa mapema, na mshono haukufumuka kama ilivyohofiwa. Katika miaka ya 1990 daktari Henrik Kehlet wa Denmark alikwenda mbali zaidi: mgonjwa anywe na ale mapema badala ya kungoja hadi atoe hewa, apunguziwe mipira mwilini, atembee bila kukawia.

Mabadiliko hayo yalimpa mwenzi wa mgonjwa kazi mpya. Zamani alitakiwa kumtuliza asisogee. Sasa anamshika kiwiko wakipita taratibu katikati ya vitanda, chupa ya dripu ikiwafuata. Anamkumbusha kuvuta pumzi ndefu na kukumbatia mto tumboni anapokohoa. Nyumbani anachunguza kama kuna homa, usaha, kutapika au tumbo kuvimba, na chochote kati ya hivyo ni sababu ya kurudi hospitali mara moja.

Ana kazi nyingine pia: kutafuta pesa. Mwaka 1965 serikali huru iliondoa ada kwa wagonjwa wa kutwa, na mwaka uliofuata bima ya hospitali ya taifa, NHIF, ikaanzishwa. Desemba 1989 sera ya kuchangia gharama ikaingia, ikasitishwa mwaka 1990, ikarudi 1992. Ndipo mwenzi akawa mweka hazina wa ugonjwa, na harambee ikageuka sehemu ya matibabu. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, michango mingi huingia kwa simu. NHIF yenyewe iliipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) Oktoba 2024, na bado familia nyingi hupitisha kofia.

Mzigo huu haujawahi kugawanywa sawa. Mke hubeba thamosi ya uji na ya supu hadi wodini saa za kuona wagonjwa. Mke akiwa ndiye mgonjwa, mara nyingi huitwa dada, mama au binti aje kukaa naye, maana kwa kawaida wodi ya wanawake haimlazi mwanamume usiku. Mume hulipa, hutembelea, hurudi kazini.

Na kazini sheria haimjui. Sheria ya Ajira ya 2007 inatoa likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mama, wiki 2 kwa baba, na ruhusa ya ugonjwa kwa mfanyakazi anayeugua mwenyewe. Haitaji kumuuguza mume au mke. Mfanyakazi wa shamba la maua Naivasha hutumia siku zake 21 za likizo ya mwaka, ilhali aliyepasuliwa tumbo huambiwa asinyanyue kitu kizito kwa wiki sita hivi. Bunge liongeze kifungu cha likizo ya kumuuguza mwenzi, hata kwa kuanzia na wiki moja yenye malipo, ile ya kwanza baada ya mgonjwa kuruhusiwa kwenda nyumbani.