Tembe za sonona: Hatari imo mwanzoni na mwishoni

MGONJWA anatoka kliniki akiwa na tembe za mwezi mmoja mfukoni na matumaini kwamba kufikia Jumapili atakuwa mzima. Siku ya nne kinywa kimemkauka, kichwa ni kizito, anasinzia mchana kutwa, na ile huzuni iliyompeleka hospitalini ingali pale pale. Siku ya kumi anaisukuma pakiti nyuma ya kabati akiamini kwamba dawa haikumfaa. Hamwambii mtu.

Hivyo ndivyo matibabu mengi ya sonona yanavyokatizwa kabla hayajaanza kufanya kazi. Dawa hizi zina tabia iliyo kinyume na ile ambayo watu wameizoea: madhara hutangulia, faida hufuata. Panadol hutuliza kichwa kwa muda wa saa moja hivi. Dawa ya sonona huanza kuleta nafuu baada ya wiki mbili, na nguvu yake kamili aghalabu huonekana kati ya wiki ya nne na ya sita. Mhudumu wa afya anayemkabidhi mgonjwa tembe bila kumweleza jambo hili amempa nusu ya matibabu tu.

Sonona yenyewe si huzuni ya msiba, wala si msongo wa mawazo unaoletwa na karo na kodi ya nyumba, ingawa wengi huyaita yote kwa jina moja. Ni ugonjwa. Mtu hugubikwa na majonzi au hupoteza hamu ya kila kitu karibu kila siku kwa muda wa wiki mbili au zaidi, usingizi na hamu ya chakula vikaharibika, mwili ukachoka, akajilaumu bila sababu, na wakati mwingine akawaza kujiua. Ugonjwa ukiwa mwepesi, ushauri nasaha mara nyingi hutosha. Tembe huagizwa ukiwa wa wastani au mkali, na hata hapo mazungumzo na mshauri huendelea.

Miongoni mwa dawa hizi, mbili zilizo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ni amitriptilini, iliyoanza kutumika mapema katika miaka ya 1960, na fluoxetini, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka wa 1987. Hazifanani. Amitriptilini huleta usingizi, kwa hivyo humezwa usiku. Hukausha kinywa, hufunga choo, hutia ukungu machoni na humfanya mtu apate kizunguzungu anapoinuka ghafla, jambo ambalo kwa mzee laweza kuishia kwa kuanguka na kuvunjika nyonga. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha ya macho, kifafa au tezi ya kibofu iliyovimba anapaswa kumwambia daktari kabla hajaandikiwa dawa hii.

Fluoxetini kwa kawaida humezwa asubuhi kwa sababu huweza kumnyima mtu usingizi. Kichefuchefu, wasiwasi na kuumwa na kichwa hutokea katika siku za mwanzo, kisha hupungua. Upungufu wa nguvu na hamu ya tendo la ndoa nao ni wa kawaida, lakini wagonjwa wengi huona haya kuutaja na badala yake huacha dawa kimyakimya. Daktari aliyeambiwa anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa. Asiyeambiwa hana la kufanya.

Lipo jambo jingine linalowachanganya watu. Amitriptilini hiyo hiyo, kwa kipimo kidogo cha miligramu 10 au 25 usiku, huandikiwa watu wasio na sonona kabisa, kwa mfano mwenye kisukari ambaye nyayo zinamwaka moto kwa sababu ya mishipa ya fahamu iliyoharibika. Jirani akiona tembe zinafanana na zake huona hakuna ubaya kuazimana. Ubaya upo. Kipimo cha sonona huwa kikubwa zaidi na hupandishwa hatua kwa hatua chini ya uangalizi. Aliyesahau kumeza tembe ya jana naye asimeze mbili leo ili kufidia.

Wiki za kwanza ndizo zinazohitaji macho ya watu wa nyumbani. Nguvu za mwili zaweza kurejea kabla ya moyo kupata faraja, na mtu aliyekuwa mnyonge hata wa kuinuka kitandani akajikuta na uwezo wa kutekeleza wazo baya alilokuwa nalo. Mwaka wa 2004, mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa zote za aina hii ziwekewe onyo kali kuhusu mawazo ya kujiua miongoni mwa watoto na vijana. Mwaka wa 2007 onyo hilo likapanuliwa kuwahusu vijana wa hadi umri wa miaka 24. Onyo hilo halina maana kwamba kijana asitibiwe, kwani sonona isiyotibiwa nayo huua. Maana yake ni kwamba arudi kliniki mapema, na kwamba mzazi akiona mwanawe amekuwa na fadhaa, hasira au hatulii, asingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Amitriptilini ikimezwa kwa wingi huvuruga mapigo ya moyo na inaweza kuua. Kwa sababu hiyo, ni busara mgonjwa aliye katika hali mbaya apewe tembe za wiki moja au mbili tu kwa wakati mmoja, na pakiti ikae kwa mke, mume au ndugu, mbali na watoto. Anayemeza nyingi, kwa kusudi au kwa bahati mbaya, apelekwe hospitalini papo hapo hata kama anaonekana mzima. Kwa miaka mingi jamaa walisita kusema ukweli mbele ya daktari kwa sababu jaribio la kujiua lilikuwa kosa chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Dalili nyingine isiyofaa kupuuzwa ni furaha ya kupindukia. Mgonjwa akianza kukesha bila kuchoka, kuongea mfululizo na kutapanya fedha, huenda ugonjwa wake si sonona pekee bali ule unaomtupa mtu kati ya huzuni na msisimko. Tembe za sonona peke yake zaweza kuuchochea, na daktari atahitaji kubadilisha matibabu.

Halafu kuna michanganyiko, na hapa ndipo mazoea ya kununua dawa bila kuuliza yanapoponza wengi. Pombe pamoja na amitriptilini humlaza mtu usingizi mzito usio salama, na mwendeshaji wa bodaboda au matatu asiende barabarani kabla hajajua jinsi dawa inavyomwathiri. Miraa na muguka huharibu usingizi ambao dawa inajaribu kuurejesha. Tramadoli, dawa ya maumivu inayotumiwa vibaya na vijana wengi, ikikutana na fluoxetini au amitriptilini huweza kusababisha degedege au kuongeza kemikali ya serotonini mwilini kupita kiasi: mtu hutetemeka, hutoka jasho jingi, moyo humwenda mbio, misuli hukakamaa na homa hupanda. Hiyo ni dharura. Hatari kama hiyo ipo kwa mgonjwa wa kifua kikuu sugu anayetibiwa kwa linezolidi.

Brufen, aspirini na diklofenaki, ambazo hupatikana karibu kila duka la dawa, zikitumiwa pamoja na fluoxetini huongeza uwezekano wa kuvuja damu tumboni. Kwa maumivu ya kawaida Panadol ni afadhali. Hata dawa ya malaria ijulikanayo kama AL huweza kuongeza kiasi cha amitriptilini kwenye damu na kuuathiri moyo. Mgonjwa wa malaria lazima atibiwe, lakini anayempima malaria sharti ajue anameza nini. Njia rahisi ni kubeba pakiti zote, za hospitali na za mitishamba, kila anapokwenda kumwona mhudumu.

Mama mjamzito au anayenyonyesha mara nyingi huambiwa na jamaa zake aache tembe siku hiyo hiyo. Uamuzi huo ni wa kufanywa na daktari pamoja naye, kwani sonona inayorudi wakati wa ujauzito humdhuru mama na mtoto pia. Zipo dawa, kama vile sertralini, ambazo huingia kwenye maziwa ya mama kwa kiasi kidogo mno. Naye anayefunga Ramadhani anaweza kupangiwa saa za kumeza kati ya futari na daku.

Wengine huacha wakiwa wamepona. Miezi mitatu imepita, kazi inakwenda, usingizi umerudi, na pengine mtu amemshauri kwamba kuendelea kumeza ni upungufu wa imani, au kwamba atakuwa mraibu. Dawa hizi hazileti ulevi wala uchu wa kuongeza kipimo kama diazepamu inavyoweza kufanya. Hata hivyo, mwili huzizoea. Zikikatwa ghafla, hasa baada ya miezi mingi, mtu anaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto za kutisha, wasiwasi na hisia kama za umeme kichwani. Fluoxetini hutoka mwilini polepole, kwa hivyo usumbufu wake huwa mdogo zaidi na huenda ukachelewa.

Mwongozo wa WHO unashauri matibabu yaendelee kwa miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kutoweka, kisha kipimo kipunguzwe kidogo kidogo kwa muda usiopungua wiki nne. Aliyewahi kuugua mara kadhaa huenda akahitaji muda mrefu zaidi. Usumbufu wa kuacha dawa kwa kawaida huanza baada ya siku chache na kufifia. Sonona inayorejea huja taratibu, wiki kadhaa au miezi baadaye, na aghalabu wa kwanza kuitambua ni yule anayeishi na mgonjwa.