Merikebu ya Kubeba Eropleni: Habari za Shah

Wasikilizaji, mtu akaaye Nduruma, chini ya Mlima Meru, aweza kudhani ya kuwa vita vya baharini havikumhusu, maana bahari i mbali naye. Lakini katika vita vya 1939 hata 1945, askari wa Afrika ya Mashariki waliokwenda kupigana Burma walipita baharini, na katika njia ile adui aliwavizia chini ya maji.

Tarehe 12 Februari 1944 merikebu Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa dakika chache tu, wakafa watu 1,297. Wengi wao walikuwa askari wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika ya Mashariki. Msafara ule ulikuwa na manowari za kuulinda, ila haukuwa na merikebu ya kubeba eropleni.

Kwa nini eropleni zatakiwa baharini? Mchungaji aliye bondeni haoni ila migongo ya ng'ombe wake; akipanda kilima huiona mbuga yote. Baharini hakuna kilima, na eropleni ndiyo kilima cha baharia. Tena nyambizi za siku zile zilipaswa kupanda juu mara kwa mara, ili injini zipate hewa na betri zijazwe. Ikionekana, hulazimika kuzama, na chini ya maji huenda polepole sana, hata msafara hupita salama.

Basi, kuunda manowari kubwa ya kubeba eropleni ni kazi ya miaka. Wamarekani wakatwaa umbo la merikebu ya shehena, wakaweka juu yake uwanja mrefu ulio sawasawa, pa kurukia na kutulia eropleni. Moja katika hizo iliundwa jimbo la Washington, ikaitwa kwanza Jamaica. Mnamo Septemba 1943 Waingereza walipewa, wakaiita Shah. Urefu wake ulikuwa futi karibu 500. Haikuwa na mbio, wala haikuwa na chuma kinene cha kuikinga. Nguvu yake ilikuwa macho yake.

Mnamo Agosti 1944 nyambizi ya Wajerumani, U-198, ilizamisha merikebu mbili za shehena, Empire City na Empire Day, katika bahari iliyo mashariki ya pwani yetu. Shah na mwenzake Begum, pamoja na manowari ndogo, wakatumwa kuitafuta. Tarehe 10 eropleni ya Shah iliiona ikaishambulia, nayo ikaponyoka. Lakini mahali pake palikwisha kujulikana. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Shelisheli, manowari Findhorn ya Waingereza na Godavari ya Wahindi zikaizamisha. Watu wake wote 66 walikufa. Nao pia walikuwa wana wa watu.

Vita vilipokwisha, Shah ilirudishwa Marekani mnamo Desemba 1945. Baadaye iliuzwa, uwanja wake ukaondolewa, ikafanywa merikebu ya abiria ya Argentina, jina lake Salta. Mnamo Desemba 1963 merikebu Lakonia, iliyojaa watu waliokwenda kupumzika wakati wa Krismasi, iliwaka moto katika bahari ya Atlantiki, kaskazini ya kisiwa cha Madeira. Watu 128 walikufa. Salta ndiyo iliyofika kwanza, ikaokoa watu 475. Mwaka 1966 ilivunjwa, ikawa vyuma vikuukuu.

Tukumbuke basi, wasikilizaji, ya kuwa askari wa Khedive Ismail hawana makaburi ya kupaliliwa. Bahari ndiyo kaburi lao. Na merikebu ile ya eropleni yatufundisha neno moja: chuma hakina wema wala ubaya wake chenyewe. Umbo lilelile lililoundwa kwa ajili ya shehena liliwinda watu, kisha likawaokoa. Mkono ulioshika usukani ndio uliochagua.