Machozi ya Senema na Chanzo Chake

Wahenga walinena kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hata hivyo, aliyepata kuketi katika jumba la senema amewahi kumwona mtu asiye mzazi akifuta machozi gizani kwa ajili ya mtoto asiye wake, wa nchi asiyoijua, ilhali anafahamu fika kwamba ayaonayo yote ni mchezo. Taa ziwashwapo, mtu huyo huinamisha uso asionekane na jirani zake. Wako wanaolicheka jambo hili na kuliita udhaifu. Sisi walimu, ambao kazi yetu ni kuwafundisha vijana namna lugha na sanaa ziugusavyo moyo, hatuna budi kulichunguza.

Katika makala haya twakusudia kuifuata historia ya machozi hayo kwa kutazama picha chache za senema zilizotengenezwa kati ya mwaka 1921 na mwaka 1957. Tumezichagua hizi kwa sababu zina undugu: zilizotangulia ziliwafunza waliotengeneza zilizofuata, na nyingine zilifika mpaka katika miji yetu ya Afrika Mashariki. Tutajiuliza maswali mawili. Je, machozi ya mtazamaji hutoka wapi hasa? Na je, ni nani aliyeyalipia?

Tuanze na Charles Chaplin. Mwingereza huyu alizaliwa mwaka 1889 na kukulia katika ufukara wa jiji la London. Mwaka 1896, alipokuwa na umri wa miaka 7, yeye, ndugu yake Sydney na mama yao waliingia katika nyumba ya maskini ya Lambeth. Punde watoto wakatenganishwa na mama yao, wakapelekwa shule ya watoto mafukara huko Hanwell. Miaka mingi baadaye, alipokuwa amekwisha kuwa mchekeshaji mashuhuri nchini Marekani, Chaplin alipata mtoto wake wa kwanza mnamo Julai 1919. Mtoto huyo aliishi siku 3 tu. Mwaka huo huo Chaplin akaanza kutengeneza picha iitwayo The Kid, yaani Mtoto, ambayo ilitolewa mwaka 1921.

Katika picha hiyo, mzururaji fukara anamwokota mtoto mchanga aliyetupwa, anamlea kwa miaka 5 katika chumba chenye dari bovu. Kisha maofisa wanakuja kumchukua mtoto wampeleke kwenye makao ya mayatima. Mtoto anatupwa nyuma ya gari. Anainua mikono, analia, anaomba. Picha haina sauti, kwa hiyo hatusikii neno hata moja, lakini hakuna asiyeelewa anachosema. Mzururaji anajinasua mikononi mwa polisi, anakimbia juu ya mapaa ya nyumba, anarukia lile gari, na kumkumbatia mtoto huku midomo ikimtetemeka. Watu walioingia jumbani kucheka walijikuta wakilia. Hapo kabla, wengi waliamini kwamba kicheko na kilio haviwezi kukaa katika chungu kimoja. Chaplin alionyesha kwamba vinaweza, na kwamba kicheko kilichotangulia ndicho kilainishacho moyo ili kilio kipate pa kuingilia.

Lakini mtoto yule, Jackie Coogan, aliliaje? Chaplin mwenyewe alisimulia katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1964. Siku ile Jackie alikuwa amechangamka mno, hakuweza kulia. Basi babake akamchukua kando akamwambia kwamba asipolia atapelekwa kweli kwenye nyumba ya maskini. Mtoto akaangua kilio, na kamera ikazungushwa. Chaplin anaongeza kwamba baadaye alipojaribu kumtuliza, Jackie alimwambia alijua tangu mwanzo kwamba baba yake anatania. Twaweza kuliamini hilo au tusiliamini. Lisilo na shaka ni kwamba mtoto huyo alipata fedha nyingi sana kwa kazi yake, na alipokuwa mtu mzima akakuta karibu zote zimekwisha kutumiwa na mama yake na baba wa kambo. Alikwenda mahakamani mwaka 1938, akaambulia sehemu ndogo tu. Kwa sababu ya kisa chake, jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 1939 ya kulinda mapato ya watoto waigizaji, na sheria hiyo ingali inaitwa kwa jina lake.

Sasa twende Italia. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, nchi hiyo ilijaa watu wasio na kazi. Vittorio De Sica, pamoja na mwandishi Cesare Zavattini na wenzao, walitengeneza mwaka 1948 picha iitwayo Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baiskeli. Hawakutafuta waigizaji maarufu. Aliyecheza kama baba, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Aliyecheza kama mwanawe Bruno, Enzo Staiola, alikuwa mtoto wa mitaa ya Roma asiyejua kuigiza.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Baba anapata kazi ya kubandika matangazo, lakini sharti awe na baiskeli. Mke wake anavua mashuka ya vitanda na kuyaweka rehani ili kuikomboa baiskeli yao. Siku ya kwanza kazini, baiskeli inaibwa. Baba na mwana wanaitafuta mji mzima wasiipate. Mwishowe baba, akiwa amekata tamaa, anamwambia mtoto apande tramu atangulie, kisha naye anaiba baiskeli iliyoachwa mlangoni. Anakamatwa papo hapo. Mtoto, ambaye alikosa ile tramu, anaona baba yake akipigwa na kutukanwa katikati ya kundi la watu. Mwenye baiskeli anamtazama mtoto anayelia, anaghairi, anamsamehe mwizi. Baba na mwana wanaondoka kwa miguu. Baba anashindwa kuyazuia machozi yake. Ndipo Bruno, bila kusema neno, anaingiza mkono wake mdogo katika mkono wa baba, nao wanapotea katika umati.

Hapa ndipo twapata jibu la swali letu la kwanza. Mtazamaji halii baiskeli inapoibwa, japokuwa hiyo ndiyo hasara kubwa ya kisa chote. Wala halii baba anapopigwa, pale hukasirika. Hulia unaposhikwa ule mkono. Baba amevuliwa heshima mbele ya yule mtu mmoja ambaye hakutaka kamwe aone, na mtu huyo hamwachi. Aghalabu huzuni peke yake hukausha macho. Kinachoyafungua ni wema unaotokea ghafula pale ambapo haukutazamiwa.

Kuhusu machozi ya Bruno, nayo yana kisa chake. Inasimuliwa kwamba De Sica alimtilia mtoto yule vipande vya sigara mfukoni kwa siri, kisha akamsuta mbele ya watu kuwa ni mwokota vipande vya sigara, mpaka akalia kwa aibu. Naye Maggiorani, picha ilipokwisha kutazamwa duniani kote, alipunguzwa kazini. Yaliyompata katika mchezo yakampata katika maisha.

Kutoka Roma, mto huu uligawanyika mikondo miwili kuelekea Bara Hindi. Mwaka 1950 kijana wa Kibengali aitwaye Satyajit Ray aliitazama Wezi wa Baiskeli akiwa London, akaazimia kutengeneza picha za namna hiyo kwao. Picha yake ya kwanza, Pather Panchali, ilitoka mwaka 1955. Humo baba mmoja anarudi kutoka safari ndefu akiwa na zawadi, asijue kwamba binti yake Durga amekwisha kufa. Anazitoa moja baada ya moja. Anapomkabidhi mkewe sari aliyomnunulia Durga, mama anashindwa kujizuia. Ray aliiondoa kabisa sauti ya kilio cha mama, na mahali pake akaweka mlio mkali wa ala ya nyuzi. Kinywa kiko wazi, sauti haimo, na mtazamaji hulazimika kukimalizia kilio mwenyewe.

Mkondo wa pili ulipitia Bombay, ambako picha ya De Sica ilionyeshwa katika tamasha la senema la mwaka 1952. Bimal Roy aliitazama, na mwaka 1953 akatoa Do Bigha Zamin, kisa cha mkulima anayekwenda Calcutta kuvuta riksho ili alipe deni asinyang'anywe shamba. Mwishoni anarudi na kukuta kiwanda kinajengwa juu ya ardhi yake. Anainama kuchota udongo konzi moja, na mlinzi anamlazimisha aumwage.

Hata Chaplin alikuwa na wanafunzi huko. Raj Kapoor, katika Awaara ya mwaka 1951, alijivika waziwazi sura ya yule mzururaji wa Chaplin. Picha hiyo iliwaliza watu kwa mamilioni katika Umoja wa Kisovieti ilipoonyeshwa huko mwaka 1954, nayo ilipendwa sana katika miji ya pwani yetu. Kisha mwaka 1957 ikatoka Mother India ya Mehboob Khan. Radha, mkulima aliyeachwa na mume, anavuta jembe la plau kwa mabega yake, anawalea wanawe katika deni la mlanguzi, na mwisho anampiga risasi mwana ampendaye kuliko wote, Birju, kwa kuwa amemteka binti wa kijijini siku ya harusi yake. Mama anaua kwa haki, kisha anamkumbatia aliyemuua. Nargis, aliyecheza kama mama huyo, na Sunil Dutt, aliyecheza kama Birju, walizaliwa mwaka mmoja, 1929. Walipokuwa wakipigwa picha ya moto, ndimi za moto zilimzingira Nargis, na Dutt akajitosa kumwokoa akaungua. Mwaka 1958 wakaoana.

Unguja, Mombasa, Dar es Salaam na Kampala, watu walizitazama picha hizo za Kihindi ingawa wengi hawakuijua lugha yake. Palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, ambako mtu aliweza kulia bila haya. Nyimbo za picha hizo zikaingia katika taarabu, zikavikwa maneno ya Kiswahili. Juma Bhalo wa Mombasa ni miongoni mwa waliopata sifa kwa mahadhi hayo. Deni, mahari, heshima ya ukoo, mama na mwanawe: mambo hayo hayakuhitaji mkalimani.

Turudi darasani. Tunapofundisha tanzia, wanafunzi wetu hudhani kwamba insha ya kuhuzunisha ni ile yenye maiti nyingi. Tuwaelekeze kwenye ule mkono wa Bruno. Tuwaulize: katika kisa chako, ni nani anayetenda wema pale ambapo hakuwa na sababu ya kuutenda?

Na kuhusu nani hulipa, twaungama jambo moja. Miaka kadhaa iliyopita, katika tamasha la shule, tulimshangilia mtoto aliyetoka jukwaani akilia machozi ya kweli. Siku chache baadaye mtoto mwenyewe alitueleza kwamba alifinywa nyuma ya pazia na mtu mzima aliyemwandaa. Makofi yetu ndiyo yaliyomfanya yule mtu mzima aone kwamba amefanya vyema. Tangu hapo, walimu wenzetu, kabla ya kupiga makofi tumejizoeza kwenda nyuma ya pazia kumtazama mtoto.