Damu Mbadala na Wagonjwa wa Vanga

Hemoglobini ikitolewa ndani ya chembe nyekundu hugawanyika, huumiza figo na kufyonza oksidi ya nitriki inayolegeza mishipa, nayo mishipa hujikaza. Hapo ndipo majaribio mengi ya damu mbadala yalipokwama. Afrika Kusini iliidhinisha Hemopure, iliyotokana na damu ya ng'ombe, mwaka 2001. Uchambuzi wa 2008 ulizihusisha bidhaa za aina hiyo na shambulio la moyo na vifo. Fluosol, isiyotumia hemoglobini, iliidhinishwa Marekani mwaka 1989, ikaondolewa 1994.

Pengo la damu mbadala ni zito Vanga, Kenya, mpakani na Tanzania, ambako malaria humaliza damu ya watoto. Chembe zilizochangwa huhitaji jokofu, na hazizidi siku 42 hivi. Hospitali ya rufaa ya Msambweni bado hutegemea wachangiaji.